Kila Mti Una Mwenyewe

Hapa Kakuma kila mtu ni mgeni wa mtu mwingine. Wafadhili ni wageni wetu, sisi ni wageni wa Waturkana, na hata humu ndani Mkongo akivuka barabara kwenda kwa Wasomali tayari amekuwa mgeni. Kambi ilianza 1992, Kalobeyei ikafuata 2016, kwa hiyo ugeni tumeusomea zaidi ya miaka thelathini. Mimi nafanya kazi na vijana. Nusu ya kazi yangu ni kupokea wageni, na nusu ni kuwapeleka vijana mahali ambapo wao ndio wageni. Nataka kuandika juu ya pande zote mbili, maana wengi wetu tunajua kulalamikia upande mmoja tu.

Nianze na wanaokuja kwetu. Gari nyeupe zinaingia saa nne asubuhi, saa saba zinatoka. Siwalaumu kwa haraka yao, wana ratiba, na jua la huku halina huruma. Lakini hayo masaa matatu yanatosha kumuumiza mtu. Binti mmoja wa kikundi chetu alipigwa picha akiwa amebeba jerikeni. Hakuna aliyemuuliza jina. Baada ya miezi, ndugu zake walioko ng'ambo wakaiona mtandaoni, chini imeandikwa kwamba ni yatima. Mama yake yuko hai, anauza mandazi sokoni kila siku. Mama huyo alinifuata, akaniuliza, "Mwanangu, mimi nilikufa lini?" Nilikosa jibu. Binti mwenyewe aliacha kuja kwenye kikundi kwa muda mrefu, kwa aibu ya kitu ambacho hakukifanya.

Najua ofisi nyingi zina fomu ya ruhusa ya picha. Fomu ni nzuri, ila mtu anayesubiri rashoni akiombwa na mtu aliyeshuka kwenye gari, neno "hapana" halitoki mdomoni kirahisi. Anawaza labda nikikataa watanifuta kwenye orodha. Kwa hiyo mgeni, kabla ya kuomba, mwambie wazi: ukikataa hupotezi chochote. Mwambie picha itaonekana wapi. Kama ni mtoto, tafuta mzazi kwanza. Na ukiandika maneno chini ya picha, yawe maneno aliyokuambia mwenyewe.

Hata daftari lina uzito hapa. Ukiandika jina la mtu, yeye anaelewa kuna kitu kinakuja: shule, matibabu, labda safari. Nimeona mzee akikaa karibu na simu wiki nzima kwa sababu mgeni mmoja aliandika namba yake kwa heshima tu. Kama unaandika ili usisahau, sema hivyo. Na kama umekuja kwa utafiti, rudisha majibu. Tumeshajibu maswali mengi sana ambayo hatukujua yaliishia wapi.

Halafu kuna mambo ya chakula. Mama akimtuma mtoto soda dukani, ameshaamua kuwa wewe ni mgeni wake. Kuikataa kwa kumhurumia ni kama kumwambia hana nyumba. Kunywa, hata nusu. Kwa Wahabeshi kahawa inamiminwa mara tatu: abol, tona, bereka, na ile ya tatu ndiyo yenye baraka. Mgeni anayeangalia saa na kuinuka baada ya kikombe cha kwanza ameacha mazungumzo njiani. Kama huna muda, sema kabla makaa hayajawashwa, hakuna atakayekasirika.

Sasa upande wetu. Hii ardhi tuliyojengea ina wenyewe. Siku moja tulikuwa tunapeleka timu kucheza mpira na vijana wa kijiji ng'ambo ya mto Tarach. Kijana mmoja akataka kuvunja tawi la mgunga apate fimbo. Mzee wa pale akamzuia kwa upole. Kijana akashangaa: "Kwani mti wa porini nao una mwenyewe?" Ndiyo, unaye. Waturkana wana utaratibu wanaouita ekwar: miti ya kando ya mto ina familia inayoitunza, na maganda yake ni chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi. Ukivunja tawi umechota kwenye ghala la mtu. Mzee alitucheka akatuonyesha mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa Kenya na watu wa miradi, ukasambaa mpaka ukabana malisho. "Huo kateni mnavyotaka," akasema. "Nao ni mgeni, lakini alipokaribishwa akachukua nyumba yote."

Tulicheka, ila njiani vijana walikuwa kimya. Tangu hapo kila tukitoka tunakubaliana mambo machache. Kiongozi anaenda kwanza kumwona mzee. Kila mtu anabeba maji yake, kwa sababu akina mama wa kule wanachimba mchanga wa mto ndipo wayapate. Tunasalimia "Ejoka" kabla ya kuomba chochote. Takataka zetu tunarudi nazo.

Na hata bila kusafiri, ugeni wetu uko mlangoni. Akina mama wa Kiturkana wanatuletea kuni na makaa kila asubuhi, wametembea mbali. Utasikia jirani akiita, "Wewe, mama makaa!" Ananunua kwake mwaka wa tano, jina lake halijui, na bado anamkatia bei mpaka mama wa watu anaondoka amenuna. Jirani huyo huyo ndiye anayenung'unika kwamba wazungu wanatupiga picha bila kutuuliza majina. Nikimwambia, anasema si sawa. Mimi naona ni jambo moja.

Mechi ya marudiano tunacheza mwezi ujao, kule kule ng'ambo. Mfanyakazi yeyote wa shirika akitaka kuja kutazama, karibu sana. Abebe maji yake, na gari aliache upande huu wa mto.