Saa Iliyoanguka Njiani

Miongoni mwa wakazi wa Tabora yuko mtu mmoja, karani wa ghala kwa kazi yake ya mchana, ambaye jioni zake amezitoa kwa kompyuta. Hakusomea uhandisi wala hana duka. Watu humwita fundi, naye hulikataa jina hilo, maana fundi, asema, ni mtu alipwaye, na yeye hajapata kupokea zaidi ya chupa ya asali. Lakini kwa kuwa mtaa mzima umekwisha kumpa jina, hapa pia ataitwa hivyo. Kibarazani kwake pana meza ya mninga, na juu yake bisibisi za kila kimo, brashi ya rangi, mita ya kupimia umeme, na mizoga ya mashine zilizokufa ambayo viungo vyake hutibu zilizo hai.

Maoni yake juu ya mashine ni mengi, na huyatoa bila kuombwa. La kwanza ni kwamba kompyuta haiuawi na uzee ila na mahali. Nyanda za Unyamwezi huwa na kiangazi kirefu, na kabla ya mvua kuanza joto hupanda, nalo vumbi jekundu huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli. Feni ya mashine huvuta hewa, hewa huja na vumbi, na vumbi hulala katika mapezi ya chuma yaliyowekwa kuondoa joto, likashikamana mpaka likawa kama kipande cha blanketi. Hapo joto hukosa pa kutokea. Mashine kwanza hupunguza mwendo wake ili isiungue, kisha siku moja hujizima yenyewe. Mwenye mashine husema imeingiwa na virusi, na hutafuta mtu wa kuifuta yote, hali dawa yake ni brashi ya shilingi chache na uvumilivu wa nusu saa. Juu ya umeme husema kwamba kukatika kwake hakudhuru kama kurudi kwake. Kwa hiyo taa zikizimika mjini yeye huchomoa waya ukutani, akangoja kidogo baada ya taa kuwaka ndipo auchomeke tena. Jirani zake humcheka kwa jambo hili. Baadhi yao wamekwisha kununua televisheni mara mbili.

Hazipendi mashine nyembamba za siku hizi ambazo kumbukumbu yake imelehemiwa katika ubao mkuu. Uzuri wao haukatai, lakini asema kitu kisichofunguka si mali ya mwenye nacho. Yeye huchagua mashine kuukuu za maofisini, nzito, zisizo na sura, ambazo zimetumika Ulaya na kuletwa kwa meli, na ambazo kifuniko chake hutoka kwa skrubu mbili. Akiulizwa sababu hujibu kwa habari za misafara, na hapo asiyemzoea hudhani kwamba amepotea njia.

Hakupotea. Mtu aliyezaliwa Tabora hukua juu ya barabara ya zamani, hata kama haioni. Kabla ya reli kufika mjini hapo mwaka 1912, na kufika Kigoma mwaka 1914, mali karibu yote iliyopita kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita juu ya mabega na vichwa vya watu. Mbung'o waliua ng'ombe, farasi na punda njiani, basi mnyama wa mizigo katika njia ile alikuwa mtu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kadiri ya frasila mbili, yaani karibu ratili 70, mbali na mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Burton na Speke walitoka pwani mwezi Juni 1857 wakaingia Kaze, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba. Katika safari ya miezi mingi namna hiyo hapana mzigo usioanguka, usionyeshewa na usiofunguliwa. Wanyamwezi waliijua kazi hiyo kuliko watu wote wa bara, na fundi hupenda kusema kwamba walijua pia kufunga mzigo kwa namna ambayo mtu mwingine angeweza kuufungua kambini katika giza. Kwa kipimo hicho ndivyo anavyonunua kompyuta. Huiuliza kama akiwa hayuko, au akiwa amekufa, mtu mwingine wa Tabora ataweza kuifungua.

Hata katika jina la chombo chenyewe ana neno lake. Wako waitao tarakilishi, na wako waliotaka kiitwe ngamizi. La kwanza halichukii. La pili humchekesha, kwa kuwa masikio ya watu wa kwao hulisikia ngamia, na ngamia si mnyama aliyepata kubeba mizigo katika njia ya Unyanyembe. Yeye husema kompyuta, kwa sababu mama yake huelewa.

Juu ya mifumo endeshi maneno yake ni makali zaidi, nayo hayamridhishi mtu wa upande wowote. Alianza, kama wengi, na Windows, akajifunza kwa wenzake kile ambacho vijana huita kupiga Windows, yaani kufuta diski yote na kuuweka mfumo upya. Baadaye alikuja kwenye Linux, mfumo ambao Linus Torvalds aliuanza huko Helsinki mwaka 1991 na ambao kila mtu ana ruhusa ya kuusoma, kuunakili na kuubadili. Kilichomvuta kwanza hakikuwa uhuru bali flashi. Flashi za Tabora hupita katika mashine za watu kama sarafu mikononi, na virusi vya Windows huyaficha majalada ya watu na kuacha mahali pake alama za uongo. Akizichomeka katika Linux, majalada yote huonekana kama yalivyo. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi zaidi humjia, kwa kuwa mashine zao nzima zimekataliwa na Windows 11 kwa kukosa kifaa kidogo cha usalama ambacho wao hawakujua kama kipo. Huwawekea Linux bila kuwahubiria. Wale wasemao kwamba Linux haina maradhi huwajibu kwamba amekesha usiku mzima akitafuta sauti iliyopotea katika spika, na kwamba mfumo usiougua ni ule usiotumika.

Jambo moja katika upande huo hulitaja kwa heshima, nalo ni kazi iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mwaka 2004 programu za ofisi zilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Nchi hiyo hiyo iliyopiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974 iliweza, miaka 30 baadaye, kuiambia mashine maneno ya kwao. Baadhi ya maneno yale huyaona mazito mdomoni. Lakini asema neno zito hulainika kwa kutumiwa, na neno lisilotungwa halilainiki kamwe.

Hayo ndiyo maoni yake ambayo kila mtu huyasikia. Liko moja ambalo hulitoa kwa nadra, nalo lina bei aliyoilipia mtu mwingine.

Mwaka 2016 mwalimu mmoja mstaafu, mzee aliyeheshimiwa mtaani, alimletea kompyuta yake ya mezani. Ilikuwa imeanza kukataa kurasa za intaneti. Kila alipotaka kusoma barua ya binti yake aliyeko Mwanza, kioo kilimwambia kwamba mahali anapotaka kwenda hapana usalama. Fundi wakati ule alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na majivuno ndani yake. Aliamkia, akapokea mashine, akamwuliza Mwalimu kama ana vitu vya maana ndani. Mwalimu akajibu, “Ni maandishi yangu tu, kijana wangu.” Fundi alisikia neno tu, hakusikia neno maandishi. Alinakili picha za wajukuu alizoziona mezani pa kioo, akafuta diski, akapiga Windows, na jioni ile ile kurasa zote zikafunguka. Mwalimu alimshukuru na kumwombea dua.

Kesho yake umeme ulikatika. Uliporudi, mashine ilikataa kurasa kama mwanzo, kwa maneno yale yale. Ndipo fundi alipotazama kwa mara ya kwanza pembe ya kioo, akaona kwamba mashine ile ilikuwa ikiishi tarehe 1 Januari 2006.

Katika ubao mkuu wa kompyuta mna betri ndogo, ya duara, kama kifungo cha koti. Kazi yake ni kuiendesha saa wakati mashine haina umeme. Ikifa, kila umeme ukikatika saa hurudi mwaka wa kiwandani. Nazo kurasa za siri za intaneti huja na vyeti vyenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mashine inayodhani kwamba ni mwaka 2006 huviona vyeti vya mwaka 2016 kuwa havijaanza bado, nayo huvikataa kwa haki kabisa. Mashine ya Mwalimu haikuwa na ugonjwa katika diski. Siku ya kwanza ilipona kwa sababu tu fundi, alipokuwa akiweka mfumo mpya, aliulizwa saa akaijaza. Betri ilibadilishwa kwa dakika tano.

“Sasa, kijana wangu,” Mwalimu akasema, “kitabu changu kiko wapi?”

Kilikuwa kurasa mia mbili na zaidi. Babu yake Mwalimu alikuwa mpagazi aliyekwenda pwani na kurudi, na katika utoto wake mjukuu aliyasikia majina ya kambi, amri za kirangozi, nyimbo za kuondoka na za kufika, na majina ya vitu ambavyo havibebwi tena na mtu. Aliandika kwa kalamu ya risasi miaka mingi. Mchwa walipoanza kuyala madaftari, akajifunza kupiga chapa katika kompyuta uzeeni, akayahamisha yote katika jalada ambalo hakuliweka mezani pa kioo bali mahali alipoona pana heshima zaidi, katika sehemu ya ndani ya diski. Madaftari yaliyosalia aliyachoma, akijua kwamba maneno yamekwisha kuwa salama.

Fundi aliitoa diski ile, akaichomeka katika mashine nyingine bila kuandika juu yake hata herufi moja, akachukua nakala yake nzima, akaipekua nakala hiyo kwa siku mbili. Kilichofutwa katika diski hakiondoki mara moja. Hubaki mahali pake mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuandika juu yake mfumo mzima na programu zake. Vilipatikana vipande 17 visivyo na majina, na katika hivyo 6 vilisomeka.

Hadithi moja ya njia ile huisimulia yeye mwenyewe akifika hapo. Mwezi Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mchukuzi wa saa za Livingstone aliteleza akaanguka nazo. Saa hazikusimama, ziliendelea kutembea, ila mwendo wake ulibadilika, na kwa kuwa longitudo hupimwa kwa saa, na dakika nne za saa ni nyuzi moja nzima ya dunia, hesabu zake za mahali zikapotoka. Mwezi huo huo watu wawili walitoroka na sanduku la dawa, nazo dawa karibu zote zilikuwa humo. Miaka mitano baadaye, mwaka 1872, baada ya Stanley kumwacha na kurudi pwani, mzee huyo alikaa Kwihara, nje ya Tabora, miezi mitano akingoja wapagazi. Nyumba inayohifadhi habari zake iko pale hata leo, na fundi huenda mara kwa mara. Wageni hutazama picha na barua. Yeye hufikiri juu ya sanduku moja lililobebwa na watu wawili, na juu ya saa iliyotembea vizuri huku ikisema uongo.

Mashine iliyosimama, asema, si ya kuogopwa, kwa kuwa imeungama. Ya kuogopwa ni ile inayokwenda. Tangu mwaka ule haigusi diski ya mtu kabla ya kuinakili yote. Ana daftari ambamo huandika mashine ilikataa nini, ilianza lini na nini kilibadilika siku hizo, na hubadili kitu kimoja tu kwa mara moja, akangoja, hata kama mwenye mashine amesimama mlangoni akitikisa funguo. Wenye haraka humwacha wakaenda kwa vijana wa mjini, na vijana huwatengenezea kwa saa moja. Mara nyingi vijana hao wako sahihi, na jambo hili hulikubali bila kinyongo.

Mwalimu hakumkaripia. Yamkini ingekuwa nafuu lau angalimkaripia. Baada ya majuma mawili alimtumia mjukuu kumwita, akamwambia, “Mikono yangu imechoka. Nitasema, wewe utaandika.” Kwa hiyo kila Jumamosi fundi huenda na kompyuta yake nzito, huketi chini ya mwembe, na Mwalimu huanza kutoka Tabora kuelekea mashariki, kambi baada ya kambi, kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo. Vipande sita vilivyosomeka vimewekwa mahali pake. Kati ya hivyo, maneno hayarudi kama yalivyokuwa. Wimbo uliokuwa na beti tano sasa una tatu. Jina la kambi moja, upande wa huku wa Tura, limekataa kabisa. Fundi alitaka kuandika jina alilolikuta katika ramani ya zamani. Mwalimu alitikisa kichwa.

“Hilo ni la Wazungu. Acha nafasi.”

Nafasi imeachwa, vidole vitatu kwa upana. Kila jioni kazi hunakiliwa katika flashi mbili, moja ya nyumba hii na moja ya nyumba ile, na kurasa za siku huchapwa katika karatasi na kutiwa ndani ya debe la bati ambalo mchwa hawalitoboi. Na kila Jumamosi, kabla ya kuandika neno la kwanza, fundi hutazama pembe ya kioo, kisha huomba kuona saa ya mkononi ya Mwalimu, akazilinganisha.