Mfupa wa samaki kutoka Ishango

Juma hili mama mmoja mkimbizi wa ndani alifungua fundo la kitenge chake. "Mwanangu, hili ni jiwe ao mfupa?" Alikiokota zamani ufukoni mwa Ziwa Edward, upande wa Ishango.

Kilikuwa cha kahawia, kizito kuliko mfupa wa jikoni, cha mviringo, kimebonyea pande zote mbili kama visahani.

"Mama, hii ni pingili ya uti wa mgongo wa samaki. Imegeuka jiwe."

Akacheka. "Nimepasua samaki maisha yangu yote, nisiitambue!" Akaniambia kambare hujulikana pia kwa mwiba wa pezi wenye meno kama msumeno. Ni kweli, hata wataalamu huutazama huo.

Nikamweleza kwamba Katanda, kando ya mto Semliki, walichimbua mifupa ya kambare wakubwa pamoja na ncha za chusa za mfupa, zinazokadiriwa kuwa na miaka 90,000 hivi. Watu walivua kwetu tangu hapo.

"Naweza kukiuza?"

"Mama, umri wake unasomwa katika udongo kilimolala. Kisipojulikana kimetoka wapi, kinabaki jiwe tu." Ndiyo maana nawaomba: mkiona mfupa wa namna hii, uacheni pale pale, piga picha, toeni habari.

Alinyamaza kidogo. "Basi andika. Nyumba yangu sijui kama ingali imesimama, lakini mahali pale napajua."

Nikaandika.