Nyumbani kwa dada, fimbo ina kazi nyingine

Mtu wa miaka 70 akishika fimbo, hakuna anayeshangaa. Akiwa na miaka 34, kila mtu ana swali. Dada yangu ameulizwa yote: Ulipata ajali? Umerogwa? Kuna asubuhi kondakta wa daladala aliwatangazia abiria kwamba huyu mama kalewa mapema.

Hakulewa. Ana maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Fikiria waya wa umeme uliochunika plastiki yake: taarifa ya ubongo inachelewa kufika mguuni, au haifiki kabisa. Mara nyingi MS huanza kati ya miaka 20 na 40, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Yaani huja katika umri uleule wa kulea. Huku kwetu karibu na ikweta ni nadra kuliko Ulaya, ndiyo maana majirani wengi hawajawahi kuusikia.

Mimi naandika habari za afya, lakini kilichonifundisha zaidi ni miezi ile dada aliyoikataa fimbo. Aliacha kumpeleka mwanawe shule. Vikao vya wazazi alikwenda shemeji. Ndani ya nyumba alitembea kwa kushika ukuta, meza, bega la mtoto. Alisema watoto wakimwona na fimbo watajua mama yao amekwisha. Wakati huohuo walikuwa wanamwona mama asiyetoka nje.

Mtaalamu wa fiziotherapia hakumbembeleza. Alimwuliza kama nguvu zake za siku anataka ziishie kwenye kujizuia asianguke, au zibaki kwa ajili ya wanawe. Swali hilo lilimwingia, kwa sababu uchovu wa MS si wa kulala ukaamka mzima, na joto la Dar es Salaam huuzidisha.

Fimbo nayo ina masharti yake. Ukisimama wima na viatu vyako, mikono ikining'inia, mpini ufike usawa wa kifundo cha mkono. Ile ya kuazima kwa babu inaweza kukuumiza mgongo. Inashikwa mkono wa upande wa mguu ulio imara, na inatangulia pamoja na mguu dhaifu. Kwenye ngazi, kupanda unaanza na mguu imara. Kushuka, fimbo na mguu dhaifu vinatangulia. Mpira wa chini ukilika, badilisha, maana sakafu yenye maji haina huruma.

Si kila mgonjwa anahitaji fimbo. Mwingine kidole cha mguu kinajikwaa kwa sababu unyayo hauinuki, huyo husaidiwa na kifaa cha plastiki kinachoshikilia kifundo cha mguu. Mwingine hutumia fremu ya magurudumu yenye kiti cha kupumzikia njiani. Na kiti cha magurudumu kwa safari ndefu hakimaanishi kwamba hutatembea tena. Mpimwe kwanza na mtaalamu, msinunue kwa kukisia.

Jambo linalowachanganya watu zaidi ni kwamba MS hubadilika. Jumatatu dada anakwenda dukani mikono mitupu, Jumatano hawezi kufika getini bila fimbo. Wapo waliosema anaigiza. Haigizi, siku zake hazifanani.

Watoto je? Mdogo, mwenye miaka mitano, alipoiona fimbo mara ya kwanza alijificha nyuma yangu: "Mamdogo, hiyo ya kutuchapia?" Dada akamweleza kwamba mguu wa mama unachoka haraka, na hii ni ya kuusaidia. Maelezo yalitosha. Sasa yeye ndiye mwenye kazi ya kuhakikisha hakuna viatu wala midoli kwenye njia ya mama.

Mzazi mwenzangu, kama miguu yako imeanza kukusaliti, nenda ukapimwe, na watoto waambie ukweli kwa maneno mafupi. Na wewe ukimwona mama kijana na fimbo kwenye daladala, mpishe kiti. Maswali yanaweza kusubiri. Kikao cha wazazi cha mwezi uliopita dada alikwenda mwenyewe, taratibu, akakaa mstari wa mbele.