Shule na Kijiji

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliwasimulia wanachuo habari za Dún Chaoin, kijiji cha Kerry, magharibi ya Ayalandi, ambako watu husema Kiayalandi. Ng'ambo yao kipo Kisiwa cha Great Blasket. Vijana wa kisiwani walihamia Marekani. Mwaka 1941 shule ikafungwa kwa uchache wa watoto, na mwaka 1953 wakazi wa mwisho wakahamishwa. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Serikali ilipoifunga shule ya Dún Chaoin mwaka 1970, wanakijiji walikataa, wakaiendesha wenyewe hadi iliporudishwa mwaka 1973. Ndugu msomaji, kabla hujasema watoto hawa ni wachache mno kupewa mwalimu, uliza nani atabaki kijijini wao wakiondoka.