Mtoi Alisikia, Mimi Nilikuwa Narekodi

Hebu niambie ukweli. Ile harusi ya mwisho ulienda ukarekodi, unakumbuka nini? Si klipu, nauliza wewe.

Nauliza kwa sababu hii kitu imeniumiza na sijawahi kuiongelea hapa.

Disemba iliyopita nilitoka Ruiru nikaenda Thika, Makongeni, kumwona shosho. Mpango ulikuwa poa: yeye anasimulia maisha yake, mimi narekodi, nyinyi mnalia kwa komenti. Nilibeba stendi ya simu na ile taa ya duara. Mtoi wa dada yangu, miaka sita, nilienda naye kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwachia. Akaingia chini ya meza na vifuniko vyake vya soda, tukamsahau.

Shosho alizaliwa upande wa Gatanga. Alikuwa na kama miaka sita pia, 1954, wakati serikali ya mkoloni ilianza kuwatoa watu kwa mashamba yao kwa nguvu na kuwafungia kwenye vijiji vya Emajensi, vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Kufika mwisho wa 1955, Wakikuyu zaidi ya milioni moja walikuwa wameshahamishwa. Hiyo naijua kwa sababu iko kwa vitabu. Ile haiko kwa vitabu ni kwamba shosho alikuwa na dada mdogo, na huyo dada hakutoka kwa hicho kijiji.

Aliongea karibu saa nzima. Nakumbuka vizuri sana kwamba mwanga ulikuwa unampiga upande mmoja. Nakumbuka jogoo wa jirani akiniharibia sauti. Nakumbuka nikisema, "Shosho, hebu rudia hapo kidogo," akarudia, na mimi nikafikiria, hapa ndipo video itaanzia, hizi ndizo sekunde tatu za kushika watu. Alichorudia sikumbuki.

Jioni hiyo, jam ya kuingia Ruiru, nimekaa dirishani kama mgeni, mkono ukaingia na simu ikaenda. Data ilikuwa imeisha tangu mchana, kwa hivyo hakuna kitu kilikuwa kimehifadhiwa mtandaoni. Nikajipa moyo, nitarudi tu, si shosho yuko? Februari akapata kiharusi. Yuko, anatuona, anakushika mkono, lakini maneno hayatoki.

Mathee ndiye aliuliza. "Si mlikuwa naye siku nzima? Alisema dada yake aliitwa nani?" Maze. Mathee mwenyewe hakuwahi kuambiwa. Wajomba pia. Shosho ni wa kile kizazi cha kumeza mambo na kunyamaza, na siku moja katika maisha yake aliamua kutapika yote, akamtapikia mtu aliyekuwa anacheki kama betri itafika.

Nilianza kusoma, labda nijitafutie excuse. Nikapata jaribio la mtu anaitwa Brenner, la 1973. Watu wanakaa pamoja, kila mmoja anasoma neno lake kwa sauti kwa zamu. Baadaye wakiulizwa, maneno wanayoyakumbuka vibaya ni yale yaliyosomwa muda mfupi tu kabla ya zamu yao. Masikio yako sawa, kichwa ndicho kimeshatoka, kimeenda kujitayarisha kuonekana. Unaijua hii. Ni ile siku ya kwanza ya kolej mnajitambulisha kwenye duara, na wale wawili waliokutangulia hujui hadi leo wanaitwa nani. Mimi sasa nilikuwa nangoja zamu yangu saa nzima, na zamu yenyewe ilikuwa nyinyi. Nilikuwa nimeketi mbele ya shosho lakini macho niliyokuwa nayajali ni yenu.

(Usiniambie simu ndiyo mbaya. Kuna mtafiti, Linda Henkel, 2014 alionyesha kwamba watu waliopiga picha vitu vya makumbusho walivikumbuka kidogo kuliko waliovitazama tu. Lakini waliosogeza kamera karibu kwa sehemu moja ya kitu hawakupoteza hivyo. Kumbe simu na kutazama vinaweza kwenda pamoja. Mimi ndiye sikutazama.)

Halafu dada yangu akasema, lakini mtoi si alikuwa hapo?

Tukafanya kile familia zote hufanya. Tukamsimamisha katikati ya sebule, watu wazima saba, mjomba ametoa simu anarekodi. "Sema, shosho alisema nini?" Mtoi akaangalia vidole vya miguu. Tukaongeza sauti. Akaweka kola ya shati mdomoni. Mjomba akatoa hukumu: hawa watoto wa siku hizi ni katuni tu, hakuna kitu kwa kichwa.

Kuna Wamarekani wawili, Sara Harkness na Charles Super, waliokaa Kokwet kwa Wakipsigis miaka ya sabini. Walikuwa wakimsomea mtoto hadithi, halafu anaombwa amsimulie mtu mzima. Wengi kimya. Mwaka 1977 wakaandika kwamba shida haikuwa lazima kichwa cha mtoto. Nyumbani mtoto hufunzwa kumsikiza mkubwa na kufanya alichoambiwa, si kumpigia mkubwa stori huku akipimwa. Na ukweli hata huku kwetu, mtoto akikodolewa macho na wakubwa, mara nyingi maana yake amekosea kitu. Lakini huyo huyo mtume dukani: unga kilo mbili, sukari nusu, kiberiti, na urudi na chenji ya arobaini. Anarudi na vyote.

Basi kesho yake nikamwambia twende dukani. Sikuuliza kitu. Tukiwa tunaruka maji machafu kule nyuma ya ploti, akasema tu, bila kuniangalia, "Dada ya shosho alikuwa anapenda maziwa ya mbuzi." Nikasema, "Eeh?" Nikaendelea kutembea, moyo unanipiga. Akaendelea. Akataja jina. Akataja mkeka aliofunikwa nao. Pia akasema kulikuwa na kiboko kwa handaki, na hiyo sijui aliitoa wapi, kwa hivyo sikutaka kumwamini haraka. Mtoto wa miaka sita anaweza kukuchanganyia shosho na katuni na akuangalie usoni.

Jumamosi tukapanda matatu hadi Thika. Jina silitaji hapa. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikalisema polepole, halafu nikanyamaza. Shosho aligeuza kichwa chote, si macho tu. Akanishika mkono ule wenye nguvu ukabaki, akanishika vibaya, mpaka kucha zikaingia. Simu yangu mpya ikalia kwa mfuko, watu wa mkopo, nikaiacha ilie. Mtoi alikuwa mlangoni, anauliza kama amekosea.

Nikamwita. Akapanda kitandani na viatu vyake, shosho akamshika yeye sasa, na akaanza kumweleza tena yote kuanzia maziwa ya mbuzi. Kiboko hakukitaja.