Zermatt kwa Ramani ya Zamani

Zermatt ni kijiji cha wageni katika milima mirefu ya Uswisi. Tulifika huko kwa garimoshi, kama wafikavyo wengi tangu 1891, kwa maana magari ya petroli hayaruhusiwi kuingia kijijini. Mfukoni tulichukua nakala ya ramani ya Jenerali Guillaume-Henri Dufour, tupate kuona nchi ile kama wapimaji wake walivyoiona.

Karatasi za ramani hiyo ni 25, zilitolewa kati ya 1845 na 1865. Sentimita moja ya karatasi ni kilomita moja ya nchi. Mafundi waliichonga katika mabamba ya shaba kwa vistari vyembamba mno, wakatia vivuli kana kwamba jua linaangaza kutoka kaskazini-magharibi. Huko Uswisi jua la adhuhuri halikai upande huo hata siku moja, lakini jicho linadanganyika kwa furaha: mlima unainuka juu ya karatasi! Vimo vyote vilihesabiwa kutoka jiwe moja lililo katika ziwa, mjini Geneva. Baadaye, mwaka 1902, jiwe hilo likapimwa upya, ikaonekana lilikuwa limezidishiwa mita 3 na zaidi. Basi milima yote ya Uswisi ikafupishwa, wala haikupoteza kokoto moja.

Asubuhi tulishika njia ya kupanda Furi. Ramani ilituonyesha mto wa barafu uitwao Gorner ukishuka chini sana, kuelekea malisho ya wanakijiji. Tukasimama mahali palipochorwa ncha yake. Kumbe! Palikuwa na mwamba mtupu uliolainishwa, miti michache, na maji meupe kama maziwa yakinguruma bondeni. Wapimaji hawakukosea. Tangu siku zao barafu imerudi nyuma zaidi ya kilomita mbili.

Wazee wa zamani waliogopa barafu isije ikameza mashamba yao. Wajukuu wao wanayahitaji maji yake, kwani mengi huvutwa kwa mashini na kupelekwa nyuma ya ukuta wa Grande Dixence, wenye kimo cha mita 285, yakatoe umeme.

Tukakumbuka Ruwenzori yetu. Mwaka 1906 Duke wa Abruzzi na wenzake walipanda huko na kuchora ramani ya vilele vyake. Katika barafu walizozichora, leo imesalia sehemu ndogo tu. Tukaikunja karatasi yetu, tukaendelea kupanda, tukiitafuta barafu.