Upepo na Kelele za Barabara ya Jogoo

Gari lisilo na paa ni la wenye nazo. Sisi wakazi wa Eastlands hulitazama kwenye sinema, au likipita na bibi harusi. Lakini upepo na kelele vinavyowasumbua wenye magari hayo tunavijua vyema. Abiri matatu ya nambari 58 kutoka katikati ya jiji hadi Buruburu, madirisha yote yakiwa wazi na makanga akining'inia mlangoni, kisha uniambie tofauti iko wapi.

Kwenye barabara ya Landhies, karibu na soko la Muthurwa, magari hutambaa. Hapo utasikia honi, injini na spika. Mkishapita City Stadium na kuingia barabara ya Jogoo, ambayo zamani iliitwa Doonholm, dereva hukanyaga mafuta. Mnapita Kaloleni na Makongeni. Magurudumu yanaanza kunguruma juu ya lami, na upepo unapiga masikio. Kadiri mwendo unavyozidi, ndivyo sauti ya upepo inavyopanda kushinda ile ya magurudumu. Naye makanga, ili muziki wake usimezwe, anaongeza sauti!

Siku moja nilisafiri hivyo na mamangu. Tangu Kaloleni hadi tulipokata kona kuingia barabara ya Rabai, alikuwa akinieleza jambo. Sikusikia neno, nami kwa aibu ya kumwambia kila mara arudie, nikawa naitikia kwa kichwa. Tuliposhuka Buruburu alinishika mkono. "Ahsante mwanangu kwa kukubali nirudi nyumbani Kitui nikaishi peke yangu." Nilibaki kinywa wazi. Masikio yangu yalikuwa bado yanavuma.

Mlio huo wa masikio, msomaji, usiupuuze. Ni dalili kwamba yamechoshwa. Wataalamu wa afya kazini nchini Marekani hushauri mtu asikae kwenye kelele za desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo upunguzwe nusu. Zikifika 100 zinabaki dakika 15 tu, na msongamano wa barabara ya Jogoo hauishi kwa dakika 15. Kipimo rahisi ni hiki: ukilazimika kupaza sauti ili jirani aliye umbali wa mkono akusikie, kelele zimepita kiasi.

Ufanyeje basi? Kwanza, dirisha moja la nyuma likiwa wazi peke yake, hewa huvuma ndani ya gari mithili ya mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Usikimbilie kulifunga, joto litawaua. Omba dirisha jingine lifunguliwe kidogo na mvumo utapungua. Pili, kabla ya kuketi tazama spika ziko wapi, ukae mbali nazo. Tatu, kama husafiri hivyo kila siku, nunua vizibo laini vya masikio. Usivitie ukiwa unavuka barabara.

Sheria nayo ipo. Kanuni za kudhibiti kelele zilichapishwa nchini mwaka 2009. Lakini askari hayuko katika kila matatu, nawe umo. Makanga wetu wengi ni vijana wa mitaani mwetu. Mwambie kwa upole, "Kijana wangu, punguza kidogo tuzungumze." Mara nyingi atapunguza. Na kama hataki, gari jingine liko nyuma.

Mimi na mama tulirudi kwenye mazungumzo yetu usiku huo, nyumbani, mlango umefungwa. Alikuwa na sababu zake, nami nilikuwa na zangu. Alikwenda Kitui, lakini si peke yake: binamu yangu alikubali kukaa naye. Siku ya kumsindikiza mjini, nilimwomba makanga azime muziki hadi City Stadium. Akazima. Mama alizungumza njia nzima, na safari hii nilisikia kila neno.